Jinsi ya Kuchambua Kisa cha Biashara na Kutoa Pendekezo Linalotekelezeka: Mfano wa Kiwanda cha Mikate

Kisa cha biashara, kiwe cha mtihani wa chuo, cha usaili wa kazi au cha mteja aliyekuita umshauri, karibu kila mara huanza na mtu ambaye tayari anajua anachotaka. Anataka mkopo, tawi jipya, tangazo redioni au meneja mwingine. Wachambuzi wengi hupotea papo hapo, kwa sababu wanalijibu ombi kabla ya kulipima. Kazi yako ya kwanza ni kujua fedha ya biashara hiyo inaingilia wapi, inatokea wapi na inakwama wapi. Ukishayajua hayo, ombi la mwenye biashara utalipima kama unavyopima njia nyingine yoyote.

Tuchukue kisa kimoja cha mazoezi na kukifuata hadi mwisho, kwa sababu maelezo ya jumla bila hesabu hayamfundishi mtu.

Mama mmoja ana kiwanda kidogo cha mikate mkoani. Anaoka mikate 1,200 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na kuisambaza kwa bajaji kwenye maduka 38. Anayauzia maduka kwa shilingi 1,000 kwa mkate. Anasema biashara inakua, oveni imeelemewa, lakini kila asubuhi hana fedha ya kutosha kununua unga. Anataka mkopo wa shilingi milioni 18 anunue oveni ya pili. Viambatisho vya kisa ni vinne: jedwali la gharama, daftari la zamu ya usiku, daftari la msambazaji, na orodha ya madeni ya maduka. Swali: achukue mkopo au asichukue?

Soma mara mbili, tena kwa kalamu

Mara ya kwanza soma haraka, dakika kumi tu, ujue nani anaamua, anaamua nini na lini. Uamuzi una tarehe ya mwisho? Fedha iliyopo ni kiasi gani? Andika swali la kisa kwa sentensi moja juu ya karatasi. Likikushinda kuliandika kwa sentensi moja, bado hujakielewa kisa.

Mara ya pili anza na viambatisho, kisha ndipo urudi kwenye maelezo. Maelezo hubeba maoni ya wahusika, na majedwali hubeba yaliyotokea. Gawa karatasi yako safu mbili: "amesema" na "daftari linaonyesha". Mama amesema biashara inakua. Daftari linaonyesha kinachokua ni idadi ya mikate inayotoka kiwandani. Iliyouzwa ni habari nyingine, na pengo kati ya hizo mbili ndilo utakalolifanyia kazi.

Tabia ya wateja husema kuliko mpango wa mwenye biashara. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya kuanzia 2005, lengo lilikuwa kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa marejesho yao kwa simu. Watu wakaonekana wanaitumia kutumiana fedha wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007 ikatangazwa kama huduma ya kutuma fedha nyumbani. Wahusika waliangalia watu wanafanya nini hasa, wakaufuata ushahidi.

Piga hesabu kabla hujawa na maoni

Hesabu nne zinatosha kwa visa vingi vya biashara ndogo na za kati: faida ya kila kipande, faida ya mwezi, siku za kusubiri malipo, na uwezo wa kuzalisha ukilinganisha na unaotumika.

Kipande kwanza. Jedwali linaonyesha gharama ya mkate mmoja hivi: unga 420, hamira, sukari, mafuta na chumvi 110, mfuko 40, gesi na umeme 60, malipo ya msambazaji 20. Jumla 650. Mkate ukiuzwa 1,000 unaacha 350.

Sasa mwezi. Mikate 1,200 kwa siku 26 ni 31,200, na gharama yake ni shilingi 20,280,000. Lakini daftari la msambazaji linaonyesha mikate 144 inarudi kila siku, yaani asilimia 12. Hiyo huishia kwa wafugaji bure. Inayouzwa ni 1,056 kwa siku, 27,456 kwa mwezi, na mauzo ni shilingi 27,456,000. Toa gharama za kuoka, inabaki 7,176,000. Toa gharama za kudumu: mishahara 3,600,000, pango 600,000, bajaji na mafuta yake 900,000, matengenezo na mengineyo 500,000, jumla 5,600,000. Faida ya mwezi ni shilingi 1,576,000.

Tua hapo kidogo. Mikate inayorudi ni 3,744 kwa mwezi. Kuioka na kuisambaza kumegharimu shilingi 2,433,600. Biashara hii inatupa fedha nyingi kuliko inayobakiza. Mwenye kiwanda haoni, kwa sababu hakuna risiti inayoandikwa "hasara ya mikate iliyorudi". Imejificha ndani ya gunia la unga.

Siku za kusubiri malipo: maduka yanachukua mikate kwa mali kauli, na kwa makubaliano yanatakiwa kulipa ndani ya siku 7 za kazi. Orodha ya madeni inafika shilingi 19,200,000. Gawa kwa mauzo ya siku, 1,056,000, unapata siku 18. Yangekuwa yanalipa kwa siku 7, deni lingekuwa 7,392,000. Tofauti, shilingi 11,808,000, ni mtaji wa kuzungushia ambao mama ameyakopesha maduka bila riba, huku muuza unga akimdai taslimu. Ndiyo maana asubuhi hana kitu ingawa anapata faida. Faida na fedha taslimu ni vitu viwili, na mchambuzi anayevichanganya atatoa dawa ya ugonjwa mwingine. Ukitaka kuona jambo hili kwa ukubwa wake, soma habari za Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa iliyokuwa na matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Matawi yaliongezeka huku madeni ya waliowapelekea bidhaa yakirundikana. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Pale waliosubiri malipo walikuwa wauzaji bidhaa, kama mama wa mikate anavyoyasubiri maduka leo.

Hesabu ya nne ni uwezo wa oveni. Inachukua mikate 120 kwa mkupuo, na mkupuo mmoja pamoja na kupakia na kutoa ni dakika 50. Zamu ni saa 4 usiku hadi saa 2 asubuhi, dakika 600. Hapo mikupuo 12 inawezekana, mikate 1,440. Wanafanya mikupuo 10. Kwa nini? Daftari la zamu linaonyesha mkupuo wa kwanza huingia saa 5:40 usiku, kwa kuwa wafanyakazi wote hufika saa 4, ndipo waanze kukanda na kusubiri unga uumuke. Oveni inakaa tupu dakika 100 kila usiku. Haijaelemewa, inasubiri donge.

Usiiamini wastani

Asilimia 12 ya mikate inayorudi ni wastani, na wastani huficha. Ivunje kwa duka. Katika maduka 38, maduka 11 yanapelekewa mikate 310 na kurudisha 97, yaani asilimia 31. Maduka 27 yaliyobaki yanapelekewa 890 na kurudisha 47, asilimia 5 na kidogo. Tena kwenye maelezo kuna sentensi moja, imepita kama si kitu, kwamba maduka ya karibu na stendi huishiwa mikate kabla ya saa 6 mchana. Kwa hiyo mikate imezidi upande mmoja wa mji na imepungua upande mwingine.

Fanya hivi kila mara unapokutana na asilimia moja inayodai kueleza biashara nzima: ivunje kwa tawi, kwa bidhaa, kwa siku ya wiki, kwa aina ya mteja. Sehemu mbili za kuvunjia zinatosha. Ukivunja kwa njia kumi utapata kelele.

Uliza kwa nini hadi ufike kwenye kitu unachoweza kukibadilisha

Njia ya kuuliza "kwa nini" mara tano inajulikana kutoka viwanda vya Toyota, na ni rahisi kuitumia vibaya. Kosa la kawaida ni kujibu kwa kubuni. Kila jibu liwe na ushahidi ndani ya kisa. Lisipokuwa nao, liandike kama dhana.

Kwa nini mikate inarudi? Maduka 11 yanashushiwa zaidi ya yanavyouza. Kwa nini? Msambazaji anashusha idadi ileile kila siku bila kujali jana ilibaki mingapi. Kwa nini? Analipwa shilingi 20 kwa kila mkate unaotoka kiwandani. Kwa nini analipwa hivyo? Daftari linalotumika kumlipa huandika inayotoka peke yake. Inayorudi ina daftari jingine ambalo hakuna anayelijumlisha.

Ishia hapo. Umefika kwenye utaratibu wa malipo, na mwenye kiwanda anaweza kuubadilisha wiki hii. Ukiendelea hadi "elimu ya ujasiriamali ni ndogo" utakuwa umetoka nje ya biashara na kuingia kwenye hotuba. Pia angalia usimlaumu msambazaji. Anafanya kile anacholipiwa.

Njia mbadala: tatu au nne, na moja iwe kutofanya lolote

Kwa kisa hiki ziko nne: kuchukua mkopo wa oveni, kupunguza mikate inayorudi na kukusanya madeni, kupandisha bei kwa shilingi 50, kuacha mambo yalivyo. Kila moja ipewe hesabu yake. Usiandike "faida: itaongeza uzalishaji, hasara: ni gharama". Sentensi ya aina hiyo ingefaa kisa chochote, kwa hiyo haisemi kitu juu ya hiki.

Mkopo. Chukulia milioni 18 kwa miezi 24, riba asilimia 2 kwa mwezi. Hapa uliza swali ambalo wengi hawaulizi: riba inakokotolewa kwa mkopo wote hadi mwisho, au kwa salio linalopungua? Ikiwa ni kwa mkopo wote, riba ni 360,000 kila mwezi, mtaji 750,000, na rejesho ni 1,110,000. Riba yote kwa miaka miwili inafika 8,640,000. Ikiwa ni kwa salio linalopungua, rejesho ni karibu 952,000 na riba yote ni kama 4,840,000. Asilimia imetajwa ileile, tofauti ni karibu shilingi milioni 3.8. Kisa kisiposema ni ipi, kokotoa ile mbaya zaidi na useme umefanya hivyo.

Kwa rejesho la 1,110,000, faida ya 1,576,000 inabaki 466,000, na mwenye kiwanda bado hajala. Aongeze mikate mingapi ili oveni ijilipie? Kama mikate yote ya nyongeza itauzwa, 1,110,000 gawa kwa 350 ni mikate 3,171 kwa mwezi, 122 kwa siku. Lakini asilimia 12 ikiendelea kurudi, kila mkate uliookwa unaingiza wastani wa 880 na kuacha 230 tu. Hapo inatakiwa mikate 186 kwa siku, na mshahara wa mwokaji wa pili haujaingia. Na kumbuka oveni ya zamani ina nafasi ya mikate 240 kila usiku isiyotumika. Ombi la mkopo linaishia hapo, kwa hesabu, bila kumvunjia mtu heshima.

Bei. Shilingi 50 juu ya mikate 27,456 ni 1,372,800 kwa mwezi iwapo hakuna mnunuzi atakayeondoka. Kila mkate utaacha 400, hivyo atavumilia kupoteza mauzo hadi asilimia 12.5 (50 gawa kwa 400) kabla ya kujuta. Inavutia. Ila kisa hakina taarifa hata moja ya bei za washindani, na mabadiliko ya bei ni magumu kuyarudisha nyuma. Iweke akiba.

Mikate inayorudi na madeni. Ukipunguza mikate 90 kwenye yale maduka 11, yatabaki na 220, na kwa kawaida yanauza 213. Usipoioka kabisa hiyo 90, unaokoa 90 × 26 × 650, yaani shilingi 1,521,000 kwa mwezi. Ukiioka na kuihamishia stendi, na huko ikauzwa 70, unaingiza 1,820,000 zaidi kwa gharama ileile. Chukua ile ndogo katika pendekezo lako. Faida inatoka 1,576,000 na kufika 3,097,000.

Sasa ijaribu kwa ubaya. Maduka 3 yakikasirika kwa kudaiwa na kuondoka? Duka moja kwa wastani huuza mikate 28 kwa siku, ambayo inaacha 9,800. Kwa siku 26 ni 254,800. Maduka matatu ni 764,400. Bado unabaki na ongezeko la 756,600. Pendekezo linalosimama hata baada ya kupigwa hivi unaweza kulitetea mbele ya yeyote.

Andika pendekezo kama amri ya kazi

Pendekezo lina nani, nini, lini, kwa shilingi ngapi, na dalili ya kusitisha. Maneno kama "kuboresha usambazaji" au "kuimarisha udhibiti" yafute yote. Hayamwambii mtu afanye nini Jumatatu asubuhi. Uamuzi ukae sentensi ya kwanza kabisa, kwa maneno ambayo mwenye biashara angeyasikia mkiwa mmekaa naye:

"Mama, usichukue mkopo wa oveni kwa miezi mitatu hii. Fedha unayoitafuta iko sehemu mbili: karibu shilingi milioni 12 ziko mikononi mwa maduka yanayochelewa kulipa, na milioni 2.4 kila mwezi zinaondoka na mikate inayorudi."

Kisha hatua. Wiki ya kwanza, daftari la kutoka na la kurudi viwe kitabu kimoja chenye safu nne: duka, iliyoshushwa, iliyorudi, fedha iliyopokewa. Msaidizi wa stoo ajumlishe kila jioni. Wiki ileile msambazaji abadilishiwe malipo: shilingi 23 kwa kila mkate uliouzwa badala ya 20 kwa uliotoka. Kwa mauzo ya sasa atapata 631,488 kwa mwezi, na alikuwa anapata 624,000, kwa hiyo hapungukiwi na hana sababu ya kuupinga mpango. Usiache hesabu hii nje. Mapendekezo mengi mazuri huuawa na mtu mmoja ambaye mchambuzi alisahau kumhesabu.

Wiki ya pili, punguza mikate 45 kwenye maduka 11. Usikate yote 90 kwa mara moja, kwa sababu mauzo ya mkate hupanda na kushuka mwisho wa mwezi na siku za shule, na duka likiishiwa mara mbili mfululizo litamkaribisha mwokaji mwingine. Wiki ya nne, kata 45 nyingine kama mikate inayorudi kwenye maduka hayo imeshuka chini ya 60 kwa siku.

Madeni: mzigo mpya ulipwe ndani ya siku 7 bila nyongeza, na deni la zamani ligawanywe mafungu manne ya wiki. Duka linaloshindwa mafungu mawili mfululizo lipewe mikate kwa taslimu tu. Aende mama mwenyewe kwenye madeni matano makubwa kabla ya kutuma ujumbe, maana mali kauli inakaa juu ya kuaminiana, na karatasi ya madai ikitangulia inaharibu.

Mwezi wa tatu, ikiwa mikate inayorudi iko chini ya asilimia 5 na stendi bado wanaomba zaidi, wafanyakazi wawili waanze saa 2:20 usiku ili mkupuo wa kwanza uingie oveni saa 4 kamili. Hapo ndipo ile mikupuo miwili iliyopotea inarudi. Oveni ya pili ijadiliwe pale mikupuo 12 itakapojaa kwa miezi mitatu mfululizo na maduka yawe yanalipa ndani ya siku 10.

Muda, kurasa na maswali

Ukiwa na dakika 90 za mtihani, tumia 20 kusoma, 30 kwa hesabu, 10 kuchagua njia, 25 kuandika na 5 kukagua tarakimu. Usirudie hadithi ya kisa, msomaji anayo. Jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho litumie kwenye karatasi yako ya rafu ukipenda, lakini kulijaza jibuni kwa vipengele ishirini visivyo na uzito sawa hukupotezea nusu saa na halimpi mtu uamuzi. Dhana zako ziandike mahali pamoja, kwa mfano "nimechukulia mauzo ya maduka hayabadiliki kwa msimu", ili anayesahihisha aone ulijua unachokichukulia.

Ukitetea pendekezo kwa mdomo, jiandae kwa maswali matatu ambayo huja karibu kila mara. La kwanza: ni tarakimu gani ikiwa si sahihi pendekezo lako linaanguka? Hapa ni ile 97 ya mikate inayorudi kutoka maduka 11, kwa hiyo sema ungeihesabu upya kwa mkono wiki nzima kabla ya kukata mkate hata mmoja. La pili: nani atapoteza? Maduka yaliyozoea kulipa siku ya 18. La tatu: vipi akipata mkopo wa riba nafuu zaidi? Jibu kwamba hata riba ikiwa sifuri, rejesho la mtaji peke yake ni 750,000 kwa mwezi, na kwa hali ya sasa linahitaji mikate 126 zaidi kila siku, wakati oveni iliyopo ina nafasi ya 240 ambayo haijaguswa.